Asiyesikika Hayupo

Leo asubuhi nilikuwa napiga pasi sketi ya mama mdogo. Ni sketi nyeusi, ya kitambaa kile kinachong'aa ukikosea moto, kwa hiyo niliweka kanga mbichi juu yake nikawa napita taratibu kama mtu anayembembeleza mtoto alale. Mama mdogo alikaa kitandani anapanga rasta zake za kazini kwenye mfuko. Yeye ni msusi, na mdomo wake huwa unafunguka kabla saluni haijafunguliwa.

"Hebu niambie tena. Yeye atakaa kwenye dawati?"

"Ndiyo, mama mdogo."

"Na wewe utasimama mbele na chaki?"

"Ndiyo."

"Mungu hamtupi mja wake!" Akapiga makofi. "Mkaange. Mkaange mpaka akauke, umgeuze, umkaange upande wa pili. Leo ni leo, asemaye kesho ni mwongo."

Mama alipita mlangoni na ndoo ya maji. Alinitazama, akatazama sketi, akaendelea na safari yake. Mama alikuwa hajanisemesha vizuri tangu siku alipoitwa shuleni. Kama alikuwa na jambo la kuniambia, alimwambia mdogo wake nami nikiwa palepale: "Mwambie huyo chai ipo." Na mimi nikimjibu nilipitia hukohuko. Mama mdogo alisema amegeuka posta.

Nieleze kwanza huyo wa kukaangwa ni nani, maana nisipoeleza mtaniona mtoto mbaya. Labda ni mbaya kweli, lakini sababu ninayo.

Mwalimu wetu wa darasa tunamwita Spika. Anafundisha Uraia. Ana sauti ambayo akiwa darasani kwetu, wale wa upande wa pili wa uwanja wanaandika maelezo yake. Na anapenda watu wenye sauti. Ukimjibu kwa kelele, hata kama umekosea, anasema, "Safi, jibu bovu lakini mtu mzima!" Ukijibu taratibu, hata kama umepata, umekwisha.

Mimi sauti yangu haina miguu. Inatoka, inafika kwenye meno, inakaa hapo. Nyumbani wamezoea. Shuleni, siku ya kwanza ya mwaka huu, Spika aliita jina langu asubuhi kwenye mahudhurio nikasema "nipo." Akasimamisha kalamu. "Kuna mbu humu?" Darasa likacheka. Akaita tena, nikasema tena. "Namsikia mbu lakini simsikii mwanafunzi." Jirani yangu wa dawati, Pilipili, akaniokoa: "Yupo mwalimu, huyu hapa!" Spika akasema, "Anayejibiwa na wakili hayupo. Asiyesikika hayupo." Akaandika.

Tangu siku hiyo jina langu ni Mbu. Na tangu siku hiyo, asubuhi nyingi, mimi sikuwepo. Nimekaa pale, soksi zangu nyeupe, daftari wazi, na mwalimu anaandika sipo. Wengine walipojaribu kunitetea aliwafokea, mwishowe wakaona bora wacheke tu, maana kucheka hakuna adhabu. Na mimi kila nilivyojaribu kupaza sauti, iliishia palepale kwenye meno.

Nilidhani ni utani. Kumbe mahudhurio yana sheria yake. Mwanafunzi wa darasa la mwisho akikosa siku nyingi kuliko zinazoruhusiwa, jina lake haliendi kwenye mtihani wa mwisho. Mama akaitwa. Mama anafua mashuka hospitali, aliomba ruhusa kwa msimamizi wake, akaenda na mikono bado ina harufu ya dawa. Spika akamwambia, kwa ile sauti yake ambayo hata mpishi wa shule aliisikia: "Mama, mwanao haji shuleni. Ulizia anakokwenda."

Jioni ile mama aliniuliza swali moja. "Mchana unakuwa kwa nani?"

Nikasema nakuwa darasani. Nilisema vile ninavyosemaga, chini chini, macho yakiwa sakafuni. Na mtu anayesema chini chini macho sakafuni anafanana sana na mwongo. Mama akachukua simu yangu. Akaanza kunisindikiza kila asubuhi mpaka getini, anasimama nje mpaka nipotelee ndani. Baadaye taarifa zikaja kwamba bado naandikwa sipo. Mama alikaa chini kwenye kiti akiwa amevaa viatu. "Nakuingiza getini kwa macho yangu mawili. Unatokea wapi? Una mabawa?"

Hapo ndipo nilipoanza kumchukia Spika kwa utaratibu, kama mtu anayesomea kazi.

Nikaenda kumwona. Ilikuwa mapumziko, yuko peke yake darasani mezani kwake. Nilikuwa nimejiandalia maneno njia nzima. Nikaingia na viatu vyangu vya raba, nikasimama mbele ya meza yake kabisa, yaani ningenyoosha mkono ningemshika pua. Maneno yakagoma. Nikasubiri aniulize shida yangu. Hakuuliza. Alinitazama usoni, akapiga miayo mikubwa bila kuziba mdomo, akavua kiatu, akaminya vidole vya mguu, akainusa soksi. Halafu akacheka peke yake, akavaa kiatu.

Nilitaka kufa. Nikasema mtu huyu ananidharau kiasi gani?

Ndipo Pilipili akachungulia mlangoni: "Mwalimu, kengele imelia!" Spika akaruka kwenye kiti, akajifuta mikono kwenye suruali, akajiweka sawa kama mtu aliyekutwa anaiba. "Nani, Pilipili? Haya, waite wenzako." Na mimi bado nimesimama pale, mbele ya uso wake.

Hakuwa ananidharau. Alikuwa hanioni.

Nikaanza kumchunguza, na mtu mkimya hakuna anayegundua anavyoangalia. Ubaoni hakuandika tena, alimteua mwanafunzi awe anaandika. Madaftari hakusahihisha, alisema tubadilishane na tusomeane majibu kwa sauti. Mahudhurio aliyaita kwa kichwa, kisha anasogeza kitabu mpaka kwenye pua ndipo anaweka alama. Vya karibu kabisa aliviona, vya mbali kwake vilikuwa ukungu. Darasa zima alilijua kwa sauti. Kila mtu kwake alikuwa koo linalotembea. Ndiyo maana aliwachukia wasiopiga kelele. Sisi tulikuwa mashimo kwenye njia yake.

Mwingine angemwonea huruma hapo. Mimi niliona amenipa kisu, na mpini wake uko upande wangu.

Shuleni kwetu kila mwisho wa muhula huu kuna siku inaitwa Siku ya Chaki. Darasa la mwisho wanafundisha, walimu wanakaa kwenye madawati na kutii sheria za wanafunzi: kunyoosha mkono, kusimama ukiulizwa, kuomba ruhusa ya choo. Watu hucheka mpaka wanalia. Masomo yanagawanywa kwa kuokota vikaratasi kwenye boksi la chaki, na mada ni ya mwalimu mkuu. Mwaka huu alisema wote tufundishe kitu kimoja, kila mtu kwa njia ya somo lake: haki na wajibu wa mwalimu. Mimi niliokota Uraia, darasa letu wenyewe, na Spika akiwa mwanafunzi.

Pilipili aliposoma kikaratasi changu alinishika mabega. "Mbu, utafundisha kwa ishara?"

"Nitafundisha," nikamwambia.

Kwa hiyo leo nimevaa sketi ya mama mdogo, imekunjwa kiunoni na pini kwa sababu yeye ana mwili na mimi sina. Nilifika mapema kuliko wote. Niliandika ubaoni, kichwa cha habari juu kwa herufi kubwa, na chini yake nilichotaka kuandika. Halafu nikatundika ramani juu ya yale ya chini, ile ramani kubwa ya kitambaa yenye fito mbili, isionekane kitu mpaka niitoe.

Waliingia. Spika alikaa dawati la mbele, magoti yamegonga ubao wa chini, mkononi ameshika peremende kama mtoto mtukutu. Mwalimu mkuu, mama mmoja mwenye kicheko cha kutikisa mabega, alijibana nyuma kwenye dawati la Pilipili. Darasa zima lilikuwa linasubiri nishindwe kuongea.

Nilifungua kitabu cha mahudhurio. Sauti, sijui ilitoka wapi, ilikuja. Haikuwa kubwa. Ilitosha. Hasira ni kipaza sauti kizuri kuliko vyote.

Nikaita majina mpaka nikafika kwa Spika.

"Nipo, mwalimu!" Kioo cha dirisha kilitetemeka.

"Sijakusikia."

Darasa: "Aaaah!"

"NIPO, mwalimu!"

"Kuna mbu humu?" nikauliza. Watu walilala juu ya madawati. Mwalimu mkuu alikuwa anafuta machozi na ncha ya kilemba. Hata Spika alikuwa anacheka, anapiga dawati.

"Yupo mwalimu, huyu hapa!" Pilipili alipiga kelele.

"Anayejibiwa na wakili hayupo," nikasema. "Asiyesikika hayupo." Nikaandika.

Spika akainua mikono. "Haki yangu iko wapi? Mwalimu mkuu, naonewa!"

"Tii sheria za darasa," mwalimu mkuu akajibu, akacheka tena.

Kama ningeishia hapo, ingekuwa hadithi ya kuchekesha. Ningeenda nyumbani watu wananipongeza. Sikuishia hapo, na sikutaka kuishia hapo.

"Simama," nikamwambia Spika. "Utusomee somo la leo lililoko ubaoni. Kwa sauti, maana wewe ni mtu mzima." Nikaitoa ramani, nikaikunja.

Pale chini ya kichwa cha habari palikuwa pameandikwa hivi: *Nilikuwepo. Kila siku nilikuwepo. Mwalimu alinitazama usoni akaandika sipo. Mama yangu alimwamini mwalimu.*

Kicheko kilipungua, kama redio inayopunguzwa. Spika alikuwa ameshasimama. Aliweka mikono nyuma, akainua kidevu kuelekea ubaoni, na akaanza kusoma.

"Haki na wajibu wa mwalimu. Mwalimu ana haki ya kuheshimiwa na wanafunzi, wazazi na wakubwa wake wa kazi." Alisoma vizuri, anapumzika kwenye nukta, anapandisha sauti pale panapotakiwa. "Mwalimu ana haki ya mazingira salama ya kazi. Akituhumiwa, ana haki ya kusikilizwa kabla ya kuhukumiwa."



"Na wajibu, kama tunavyoona hapo mstari unaofuata," akanyoosha kidole, na kidole kilielekea dirishani, "ni kuandaa somo, kuwahi kazini, kutunza kumbukumbu kwa ukweli. Zaidi ya yote, mwalimu anawajibika kumjua kila mwanafunzi wake, mmoja mmoja. Hapo umeandika vizuri sana, mwalimu. Nakupa pongezi."

Akasubiri makofi.

Darasa lilikuwa kimya kama jikoni usiku. Niliona nyuso zikihama, kutoka ubaoni kwenda kwake, kutoka kwake kuja kwangu. Peremende ilikuwa bado mkononi mwake. Kimya kwa mtu anayeishi kwa masikio ni giza, na mimi nilikuwa nimemzimia taa.

"Mbona kimya?" akauliza. "Jamani, mbona kimya? Mwalimu mkuu?"

Kiti kilikwaruza nyuma. Mwalimu mkuu alikuwa amesimama, hacheki. "Mwalimu," akasema taratibu, "hebu twende nje kidogo."

Spika hakwenda. Akageuza sikio upande wangu. "Pameandikwa nini?"

Nikaweka chaki mezani.

"Mwalimu," akaniita, na hakuwa anatania, "naomba unisomee. Pameandikwa nini hapo?"

Nilikuwa nayajua maneno yale kuliko dua zangu. Nilinyamaza. Alitaka sauti yangu, basi aikose. Nilimwangalia usoni mwake namna alivyoniangalia mimi siku ile ya soksi, nikakaa kimya mpaka nikaona jasho linamtoka juu ya mdomo.

Pilipili ndiye aliyesoma. Alisoma yote, na sauti yake ilikuwa ndogo kuliko niliyowahi kuwa nayo. Spika alisikiliza ameinamisha kichwa. Pilipili alipofika kwenye mama yangu, mwalimu alifumba macho, kana kwamba kuna tofauti.

Akaondoka. Alipita katikati ya madawati anayagusa moja baada ya jingine, akagonga boksi la chaki, zikamwagika. Mtu mmoja akacheka, mwenzake akampiga kiwiko. Kwenye ofisi ya walimu alichukua mkoba wake, na mlinzi alisema alipita getini bila kuaga.

Mwalimu mkuu aliniita ofisini. Alifunga mlango, akakaa, akavua kilemba akakiweka juu ya meza kama mtu aliyetua mzigo.

"Ulijua tangu lini?"

"Muda."

"Na hukumwambia mtu."

"Ningesikika na nani?"

Alivuta pumzi. "Sikiliza, mwanangu. Mwalimu akiugua kazini, ana haki. Kutibiwa anayo haki, kubadilishiwa kazi anayo, hata kusaidiwa na mtu wa kuandika. Angekuja kwangu ningempigania. Lakini haki inakwenda na wajibu wake. Mtu anaficha macho yake kwenye darasa la watoto, watoto ndio wanaolipa."

"Jina langu," nikasema.

"Ndiyo. Jina lako." Akagonga meza kwa kalamu. "Majina ya mtihani yanaondoka kesho asubuhi. Mahudhurio yanasahihishwa na yule aliyeyaandika, kwa mkono wake na saini yake. Mimi nikiyagusa, wakaguzi watasema nimeghushi. Nimempigia simu, hapokei."

"Kwa hiyo nimekosa?"

"Kuna njia nyingine." Alitoa karatasi, akaandika mwenyewe, akaigeuza upande wangu. Ilisema mimi mwanafunzi nathibitisha kwamba mwalimu wangu wa darasa haoni, kwamba mahudhurio yake hayaaminiki, na kwamba alilificha jambo hilo. "Ukisaini, naambatanisha na jina lako. Litapita."

"Na yeye?"

"Yeye atasimamishwa kwanza. Atasikilizwa baadaye."

"Baadaye lini?"

"Baadaye ni baadaye, mwanangu. Unawajua wakubwa."

Nikakumbuka alivyosimama mbele yetu anasoma ukuta kwa ufasaha: kusikilizwa kabla ya kuhukumiwa. Nilitaka kucheka. Mimi nani alinisikiliza kabla? Nikashika kalamu. Mwalimu mkuu akaangalia pembeni, na pale ndipo niliponusa kitu. Alitaka nisaini ili yeye asiulizwe alikuwa wapi muda wote huo, yeye ambaye ofisi yake inatazamana na darasa letu.

"Nitaleta kesho asubuhi," nikasema.

"Mapema, lakini."

Nyumbani habari ilikuwa imenitangulia. Pilipili alipitia saluni kabla sijafika, na saluni haijawahi kutunza siri. Mama mdogo alinipokea mlangoni anacheza, mchanuo mkononi. "Kakaangwa! Kakaangwa! Kasoma ukuta, jamani, kasoma ukuta!" Alipoiona karatasi akaisoma huku midomo inatembea, akanipa kalamu. "Saini hapahapa mgongoni kwangu. Nainama, saini, twende tukale."

Mama alikuwa amekaa kwenye kiti kilekile. Mara hii viatu alikuwa amevivua. Aliniangalia, na kwa mara ya kwanza tangu siku ile hakutuma posta.

"Mwanangu. Nisamehe."

Sijui nilitoa wapi. Labda ulimi ulikuwa umeshazoea siku nzima. "Sijakusikia."

Mama akameza mate. "Nisamehe. Nilimwamini mtu mwingine nikakuacha wewe."

"Bado sijakusikia, mama."

"We!" Mama mdogo aliacha kucheza. "Huyo ni mama yako, sio mwanafunzi wako! Utalaaniwa wewe!"

"Mwache," mama akasema. Machozi yalikuwa yanamtoka bila sauti, maana sauti ndogo nimerithi kwake, ila watu hawajui hilo kwa vile anafanya kazi kwenye mashine zenye kelele. "Mwache, ana haki yake." Akainuka, akaingia chumbani, akatoka na simu yangu, akaiweka mezani mbele yangu. Halafu akanishika kichwa kwa nguvu akakibana tumboni kwake, pale penye harufu ya dawa na sabuni, nami nikabaki nimekakamaa kama fito, mpaka nikaacha kukakamaa.

Lakini sikusaini.

"Unangoja nini?" Mama mdogo alikuwa anachemka. "Huyu mtu alitaka kukufuta duniani! Samaki amekwishaingia kikaangoni, wewe unamrudisha mtoni akaoge?"

"Simrudishi."

"Sasa?"

Nilichukua muda kuipanga, maana mimi maneno yangu huja kwa foleni. "Nikisaini hii, jina langu litaenda kwa sababu yeye haoni. Mimi nataka liende kwa sababu nilikuwepo. Nataka aandike yeye. Kwa mkono wake uleule."

Mama mdogo alinitazama kama ananipima upya. "Hata mimi sikufika huko," akasema. "Wewe una roho mbaya kuliko mimi."

"Na asikilizwe basi," nikasema. "Aliyoyasoma leo yalikuwa kweli, ingawa hayakuwa ubaoni. Asikilizwe. Halafu aandike."

Mama alinitolea namba ya Spika kwenye simu yake. Nilianza kumwandikia ujumbe, nikafuta. Maandishi madogo ya simu angehitaji mtu wa kumsomea, mkewe au mwanawe, na jambo hili lilikuwa la watu wawili. Tena alishaniomba mbele ya darasa nimsomee nikamnyima. Nilitaka safari hii asikie vizuri ni nani.

Nikaenda uani, nikasimama karibu na kamba ya nguo, nikabonyeza kile kitufe cha kurekodi sauti. Mara ya kwanza ilitoka pumzi tu. Mara nyingine jirani akaita kuku wake. Mwisho nikasema, bila kupiga kelele, lakini kila neno kwenye miguu yake:

"Mwalimu, shikamoo. Ni mimi, wa dawati la Pilipili. Sitasema samahani kwa leo, usiisubiri. Mwalimu mkuu amenipa karatasi ya kusema huoni. Nikisaini, utasimamishwa kabla hujasikilizwa, kama mimi nilivyofanywa. Karatasi ninayo, sijasaini. Kesho asubuhi kabla majina hayajaondoka, njoo ofisini, fungua kitabu, uandike nilikuwepo. Siku zote. Halafu mwambie mwalimu mkuu mwenyewe habari za macho yako, na udai haki zako, mimi sitakuzuia. Na mama yangu atakuwepo. Utamwambia na yeye, kwa sauti ileile uliyomwambia mara ya kwanza. Usipokuja, nasaini. Nakusubiri, mwalimu."

Nikatuma kabla sijaogopa.

Mama mdogo alikuwa amesimama mlangoni nyuma yangu muda wote. "Mpaka na shikamoo!" akasema, akatikisa kichwa, akaenda kuwasha jiko. Mama akauliza kutoka ndani kama nimejibiwa. Nikamwambia bado.

Tiki moja chini ya ujumbe ikawa mbili. Ile alama ndogo ya kipaza sauti ikageuka buluu, kwa hiyo ameisikiliza. Chini ya jina lake pakaandikwa kwamba anarekodi. Pakakaa hivyo, anarekodi, anarekodi, nikaisogeza simu sikioni kana kwamba ningeweza kumsikia. Kisha pakafutika, akatoka hewani.

Nimeiweka simu juu ya karatasi. Haijalia.